Msimu wa Biringanya

"Nani tena kaleta biringanya?"

Mama Mizani aliuliza huku akifungua gunia la kwanza, akachungulia, akalifunga. Akafungua la pili, akachungulia, akaguna. Asubuhi ilikuwa bado changa, sakafu ya banda ingali na maji ya kuoshea karoti, na karoti zenyewe zilikuwa za kutia huruma. Vitunguu vilikuwepo. Mchicha ulikuwepo. Nyanya zilijaa kreti moja, basi. Kilichobaki, kuanzia mlangoni mpaka kwenye ukuta wa nyuma wa mabati, kilikuwa biringanya: nene, nyembamba, zilizonyooka, zilizopinda, zote zinang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Msimu uliopita watu wa makapu kule mjini walizisifu sana," alisema Mwenyekiti wa ushirika, mkulima mrefu mwenye tabia ya kukuna kidevu akibanwa na swali. "Nikasema moyoni, ngoja niongeze mistari kidogo. Kimyakimya."

"Na wewe?" Mama Mizani alimgeukia mkulima aliyekuwa karibu na ndoo.

"Na mimi kimyakimya."

"Na wewe je?"

"Dada, usiniulize."

Jamani! Kwenye mkutano wa mbegu si walisimama hawa hawa, mmoja mmoja, wakaahidi mbele ya watu? Huyu pilipili hoho, yule kabeji, yule maharage. Wakapiga makofi, wakaenda nyumbani, na kila mmoja akapanda biringanya akijiona mjanja peke yake. Wajanja wakiwa wengi hivyo, shamba halina pa kukimbilia.

Mama Mizani alikuwa ndiyo kwanza ameshika kiuno, awape maneno yao, mumewe akaingia anasukuma baiskeli yenye gunia nyuma. Jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Mke wangu, leo utafurahi! Nilikuficha makusudi, nikushtukize."

Akafungua kamba. Biringanya zikamwagika miguuni mwa mkewe. Banda zima lilicheka mpaka Mwenyekiti akalazimika kukaa juu ya kreti, na Mama Mizani, aliyekuwa amejiandaa kufoka, alijikuta naye anafuta machozi kwa pembe ya kanga.

Lakini kicheko kilipokwisha, hofu ilibaki. Leo ilikuwa siku ya kapu la mwisho la msimu.

Makapu haya hayakuwa biashara ya kawaida. Zamani walikuwa wanamuuzia dalali. Dalali anakuja na lori, kijiti cha meno mdomoni, anapanga bei bila kushuka chini. Gunia linajazwa mpaka linaota kichwa juu, na yeye bado analiita gunia moja. Ukilalamika, anawasha injini. Ndipo ushirika ukaanzisha makapu: watu wa mjini wanatoa mchango wao kabla mbegu haijaingia ardhini, kisha kila wiki wanapokea fungu la kile shamba lilichotoa. Mvua ikiwa ya neema, wote wanashiba. Wadudu wakiingia, wote wanapungukiwa. Na siku ya kapu la mwisho, kila mtu akija kuchukua lake anatamka kama msimu ujao yumo au hayumo. Wakitoka wengi, mbegu haitanunuliwa, na lori litarudi.

Mama Mizani hakutaka kuliona lori lile tena. Aliipenda kazi hii ya kupima na kugawa, aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Walikuwa na desturi yao: anayegawa huchukua kapu linalobaki mwisho, lile lililokataliwa na macho ya wote. Kwa hiyo aligawa kwa haki, na hakuna aliyewahi kumnung'unikia. Kwa mtu aliyezeeka akipunjwa, hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Haya, tugawe," alisema. "Nyanya mbili kila kapu, ziwe juu, zionekane. Biringanya chini zijifiche."

"Zitajificha wapi?" mumewe aliuliza. "Ni kama kumficha ng'ombe chini ya kitanda."

Walikuwa wamemaliza kupanga makapu pale pikipiki ya afisa wa masoko iliposimama mlangoni. Mbele yake walimwita Mheshimiwa. Nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Sampuli. Kila wiki alikuja na swali lilelile: hapa ni duka au ni chama? Kama ni duka, leseni ya duka iko wapi? Kama ni chama, kibali kinatoka ofisi nyingine, na ofisi hiyo nyingine ilikuwa imewarudisha kwake mara nyingi mpaka mlinzi wa getini akawa rafiki wa Mwenyekiti. Wakati swali likisubiri jibu, afisa alikuwa anachukua kapu moja kwa ajili ya uchunguzi. Uchunguzi wenyewe uliishia sufuriani kwake.

Leo aliinua kapu, akalipekua kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo nini?"

"Biringanya, Mheshimiwa."

"Na hii?"

"Hiyo pia biringanya."

"Mnanitania. Niwekee nyanya. Kapu zima."

"Nyanya ni chache, baba. Zimeshagawiwa, mbili mbili."

"Si mnazitoa tu kwenye haya mengine?"

Mwenyekiti alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kapu la karibu. Mama Mizani akauona ule mkono, akaona nyanya mbili zinatoka kwa mtu ambaye hayupo kujitetea, akalivuta kapu upande wake.

"Mimi ninayegawa nachukua la mwisho," alisema. "Wewe usiyelima nikupe la kwanza, tena niwapunje wenyewe? Hapana. Chukua hilo hilo kama wengine."

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwa kubwa kuliko alivyokusudia. Afisa akafuta vidole kwa leso, taratibu, akaenda kwenye pikipiki, akarudi na mnyororo, kufuli na karatasi yenye mhuri.

"Tokeni nje wote."

Mlango ukafungwa. Karatasi ikabandikwa: LIMEFUNGWA KWA MASLAHI YA UMMA. Makapu yote yakabaki ndani, chini ya bati lililokuwa limeanza kupata moto, na mchicha hauna subira ya mtu. Afisa akavuta kopo la rangi, akakaa mbele ya mlango, akatoa simu. Alikuwa anasubiri kuombwa.

"Si ungempa tu hizo nyanya?" Mwenyekiti alinong'ona. "Angekuwa ameshaondoka."

Neno lilimchoma Mama Mizani. Alisogea kivulini. Watu wakija wakute mlango na mnyororo, nani ataweka mchango wake tena? Kwa nyanya mbili tu ameuza msimu mzima.

"Nimefanya ujinga?" alimuuliza mumewe.

"Ujinga upo leo, lakini si huo." Alikaa karibu naye. "Ujinga ni gunia langu."

Wa kwanza kufika alikuwa nesi, katoka zamu ya usiku, sare imekunjamana, macho mekundu. Akasoma karatasi. Akaelezwa. Akamwendea afisa palepale kwenye kopo.

"Kaka, umefungia mboga zangu."

"Wewe mnunuzi subiri pembeni."

"Nani mnunuzi? Mimi sinunui kitu leo. Nilitoa changu kabla hata hazijaota. Zilipoliwa na viwavi zilikuwa zangu, nikala mchicha wenye matundu, sikusema neno. Leo ndiyo zimekuwa za serikali?"

Watu walianza kujaa: fundi baiskeli na mkoba wake wa vyuma, mwalimu, mama wa cherehani, wengine na vikapu vyao mikononi. Afisa alisimama. Alikuwa amepungua ukali. Pengine kapu la biringanya lingemtosha sasa hivi.

"Sikilizeni. Kufungua mpaka mkuu wangu asaini, na mkuu yuko semina. Njooni wiki ijayo."

"Na kufunga alisaini nani?" nesi aliuliza.

"Kufunga nina mamlaka. Kufungua sina."

Alisema bila aibu, na kusema kweli hakuwa anadanganya. Hivyo ndivyo walivyomwajiri. Watu walitazamana, wengine wakacheka kile kicheko cha kukosa la kufanya.

Fundi baiskeli hakucheka. Alikuwa amezunguka nyuma ya banda, na sauti yake ikasikika kutoka huko.

"Mama Mizani! Haya mabati ya nyuma mliyafunga kwa misumari au kwa nati?"

"Kwa nati."

"Basi nipe dakika moja, mama yangu."

Spana ikaanza kulia. Kri, kri, kri. Afisa akaruka, akakimbilia pembeni ya banda, akasimama katikati ya njia.

"Mnavunja kufuli la serikali!"

"Kufuli lipo palepale, Mheshimiwa, katazame," fundi alijibu bila kugeuka. "Umefunga mlango. Ukuta hujaufunga."

Afisa alitazama ukuta, akatazama mlango. Akimzuia fundi huku nyuma, nani atahakikisha hakuna anayegusa mnyororo kule mbele? Akarudi mbele kulinda kufuli lake. Bati likashushwa na wanaume wanne, na makapu yakaanza kutoka, mkono kwa mkono.

Sasa ndiyo ulikuwa mtihani wenyewe. Nesi alipokea kapu lake, akaziondoa nyanya mbili za juu, akachungulia.

"Biringanya?"

"Biringanya," alisema Mama Mizani. Alikuwa amepanga maneno mazuri kuhusu hali ya hewa, yakamtoroka yote. "Sikiliza, mwanangu, nisikudanganye. Mlizisifu, basi kila mtu hapa alipanda kimyakimya akidhani yuko peke yake. Wote. Mpaka huyu mume wangu, leo asubuhi, na gunia."

Mumewe akainua mkono kama mtoto darasani. Nesi aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, wakulima watu wazima wameinamisha vichwa, kisha akacheka mpaka akashikilia nguzo.

"Msimu ujao nimo," alisema alipopata pumzi. "Ila mkutano wa mbegu na sisi tunakuja. Tutawatazama usoni mkiahidi, halafu tutapita kuchungulia mashamba."

"Na mimi nimo," alisema fundi baiskeli.

"Na mimi," alisema mama wa cherehani. "Ila biringanya, nawaombeni, pumzisheni."

Mwalimu alichukua lake akasema kwa sauti ndogo kwamba hataweza. Mshahara umekuwa hadithi shuleni kwao, kila mwezi wanasimuliwa. Mama Mizani alimwambia asione haya, akamwongezea biringanya tatu, akacheka mwenyewe kwa zawadi hiyo. Walioendelea walikuwa wengi. Mbegu ingenunuliwa. Alihisi mabega yake yakishuka, na furaha ikamjaa kifuani waziwazi, hata hakujali nani anamwona.

"Na mimi je?" sauti ya afisa ilitoka upande wa mbele. "Sampuli yangu?"

"Foleni iko huku nyuma, Mheshimiwa!" Mama Mizani alimjibu.

Hakuja. Alibaki kwenye jua, mgongo umeegemea karatasi yake ya maslahi ya umma, na umma wote uko nyuma unafunga vikapu na kutaniana. Mwishowe pikipiki ikanguruma, ikaondoka. Wanaume walirudisha bati mahali pake, fundi akatoa spana tena, akaanza kukaza nati kwa nguvu zote, kama mtu anayetaka kazi isirudi.

Mama Mizani alimgusa bega.

"Usizikaze sana, fundi. Kwa vidole tu inatosha. Huyo mkuu wao akitoka semina ataingia likizo, mlango bado una mnyororo, na sisi lazima tuingize mbegu, tupande."