Simu za Helmeti

Mashimba alipopigwa pembe na fahali mnadani, jicho lake la kulia likafa, na tangu hapo pikipiki ikawa ya mkewe, Prudencia. Hawakuwa na namna nyingine. Biashara ya dawa za mifugo ilikuwa imeruhusiwa kwa watu binafsi, nao walikuwa wamefungua duka dogo Buhongwa, lakini wateja wenyewe hawakuwa Buhongwa. Walikuwa huko Misungwi na vijiji vya ndani, pamoja na ng'ombe wao. Mashimba aliwajua watu na njia za mkato. Prudencia, Mhaya aliyesomea mifugo, alizijua dawa. Sasa ikabidi ajue na gia.

Mwanzoni watu walicheka kuona mwanamume mzima amebebwa na mkewe.

"Nyie mnabebwa na miguu yenu," Mashimba aliwajibu, akapanda nyuma na kushikilia sanduku la dawa.

Kicheko hakikuwasumbua. Kilichowasumbua ni kutosikilizana. Injini inanguruma, upepo unavuma, na kila mmoja ana helmeti kichwani. Waliwahi kupatana ishara za kugusa mabega, lakini barabara ikiwa mbaya Mashimba alimshika mkewe mabega yote mawili, na ishara zikaishia hapo.

Kisha zikaja mvua za Elinino, zikaitoboa barabara. Siku moja, wakitoka Misungwi, Mashimba aliona dimbwi lililofunika shimo kubwa.

"Shimo, mama!" akapaza sauti.

Prudencia akasikia "Simama!" Akakanyaga breki, na pikipiki ikasimama katikati ya shimo lile lile, ikalala ubavu. Wakajikuta wameketi kwenye tope, dawa ya kuogeshea ng'ombe inawachuruzikia miguuni.

"Baba Winnie, kwa nini unanisimamisha kwenye maji?"

"Nani kakusimamisha? Nimekwambia kuna shimo!"

Walitazamana. Walipoelewa kilichotokea walicheka mpaka mchunga ng'ombe aliyekuwa akipita akawauliza kama wameumia.

Jumamosi wakaenda mjini kwa Dorotea, mwanamke aliyeuza vipuri vya pikipiki na vitu vingine alivyovifuata mwenyewe Dubai.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba. Tumesikia unazo simu za kufunga kwenye helmeti," alisema Prudencia.

Dorotea akaweka aina mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa, haina waya. Ilitumia mawimbi kama redio. Ukinyamaza inalala, ukisema inaamka yenyewe. Ya pili ilikuwa kisanduku cha kijivu cha kuvaa kiunoni, na waya uliotoka humo uliunganisha helmeti ya dereva na ya abiria.

Mashimba aliugusa ule waya kwa kidole kimoja. "Nifungwe kamba na mke wangu kama ndama? Mimi nataka hii inayong'aa."

"Mimi naona hii ya waya haina mambo mengi," alisema Prudencia.

"Msibishane," alisema Dorotea. "Kitu cha masikio hakichaguliwi kwa macho. Niwafungie hiyo ya baba kwanza, mwende mpaka Mkolani mrudi."

Wakaondoka na ile nyeusi. Mashimba alifurahi kama mtoto. Walipokaribia stendi ya Nyegezi, Prudencia akawa anataka kulipita basi lililoegeshwa kushoto. Mashimba, kwa jicho lake zima, akaona magurudumu yake ya mbele yanageuka.

"Usipite!"

Masikioni mwa Prudencia likaingia neno moja, safi kabisa: "pite!" Akaongeza mafuta. Basi likatoa pua barabarani. Akakata kulia, honi ikalia, wakapenya. Alisimama mbele kidogo, kando ya barabara.

"Si umesema nipite?"

"Nimesema usipite!"

Prudencia akazima injini. Akamwambia mumewe asogee mbali kidogo, kule kwenye kibanda cha muuza mihogo, aseme tena humo humo kwenye helmeti. Mashimba akasogea, akasema.

"Pite," alisikia Prudencia.

"Sema hapana."

"Pana."

"Inalala, baba Winnie. Wewe unaposema, ndiyo kwanza inaamka, na mwanzo wa neno umeshapotea. Labda kwa lugha ya walioitengeneza hilo si tatizo. Sisi kwa Kiswahili katazo letu lote liko huko mwanzo!"

Walipomrudishia Dorotea, alishangaa. "Kuna mzee kanunua kama hiyo, na hajalalamika."

"Basi huyo hakatazwi kitu nyumbani," alisema Mashimba. "Lete hiyo kamba."

Wakarudi barabarani, na ya waya haikulala. Prudencia alisikia kila kitu: pumzi za mumewe, kikohozi chake, hata alivyonong'ona kwa Kisukuma akisifu pembe za dume lililokuwa likinywa maji. Naye Mashimba, kwa mara ya kwanza, alisikia kwamba mkewe huimba akiendesha, wimbo wa kwaya, kwa sauti ya chini. Alinyamaza ausikilize. Mkolani alishuka bila kukumbuka waya; helmeti ikamvuta nyuma, waya ukachomoka wenyewe kwenye kisanduku, na wauza nyanya wakaangua kicheko. Hata yeye alicheka.

Waliinunua.

Jumatatu wakaelekea Misungwi wakiwa na dawa za kupe. Mashimba alisema "shimo kushoto" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, na Prudencia akalikwepa. Baada ya Usagara barabara ikanyooka, pakawa hapana la kuonya.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Prudencia.

"Nasubiri uimbe."

"Kumbe unasikia!" Aliona haya, ingawa hakuna aliyemwona uso. "Nianze upi?"

"Wowote. Ila usiharakishe, tuna safari ndefu."

Prudencia akapunguza mwendo kidogo, akaanza kuimba, safari hii kwa sauti.