Wifi Tabu Tupu

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunashona katika chumba kimoja: cherehani mbili, kioo kimoja kirefu na spika moja. Cherehani hazijawahi kutugombanisha. Mchawi ni spika.

Kwa muda mrefu tulisikiliza muziki wa bure, ule ambao wimbo ukifika patamu mtu anakatiza kukuuzia sabuni. Siku moja wifi alisimamisha mguu juu ya pedeli akasema, "Wifi, hii sabuni imenichosha mpaka kuoga sitaki tena." Tukakubaliana tulipie. Shida ni kwamba tungelipia huduma moja, na wenye masikio tuko wawili.

Mimi nilitaka Mkondo. Mkondo ina kila wimbo, hata zile nyimbo ambazo waimbaji wenyewe wamezisahau. Wifi alitaka Kapu. Kapu haina nyimbo nyingi, ila unachagua zako asubuhi, unazipakua kwenye simu, na kutwa nzima zinapiga hata intaneti ikilala.

"Nyimbo zote hizo za nini," alisema, "na masikio ni mawili tu?"

Nikamjibu kwamba kapu ni la kwendea sokoni. Tukacheka, tukaamua kila huduma ijaribiwe wiki yake. Mkondo ilitangulia kwa sababu duka ni langu na mdomo pia ni wangu.

Mkondo ikaniumbua. Asubuhi ya kwanza wifi alikuwa ametoka kutafuta zipu na bitana, maana mwenye jicho la rangi ni yeye; kitambaa cha mteja akikishika mkononi, atazunguka maduka yote mpaka kipate mwenzake. Nimebaki peke yangu, wimbo unaanza, mguu unakolea, mara kaduara kale kwenye simu kanazunguka, kanazunguka, kimya. Nikarudia. Kimya. Sikutaka kukubali kwamba nimechagua vibaya, kwa hiyo lawama zote nikazitupia kisanduku cha intaneti pale ukutani. Mume wangu alikileta kwa mbwembwe, mama mkwe akasema tangu siku ile ile kwamba kitakula umeme bure. Nikachukua simu na hasira zangu, nikaandika kwenye kundi la familia, nusu ya maneno nikiyameza:

"Wifi tabu tupu. Kutwa kuzunguka tu, kazi hakuna. Nimechoka, natafuta mbadala."

Mume wangu, fundi majokofu, mtu wa maneno machache, akajibu, "Toa tu." Mama mkwe akaongeza, "Nilisema tangu mwanzo." Nikarudi kwenye pindo zangu, roho kwatu.

Kesho yake wifi aliingia na salamu ya ofisini, ile ya "habari za asubuhi" bila kungoja nzuri. Akageuza cherehani yake ikatazama mlango, akaziba masikio kwa vispika vidogo vya masikioni. Nikadhani ananuna kwa sababu ya Kapu. Nikajifanya mkarimu.

"Wifi, tuanze wiki ya Kapu leo?"

"Duka ni lako."

Mimi mtu akininunia bila kunitajia kosa, moto unanipanda mpaka utosini. Nikafungulia Mkondo kwa sauti ya juu, kusudi. Wimbo ukafika patamu, ukakwama. Siku nyingine angeinamia kitambaa ili nisimwone anavyocheka. Safari hii hakuinama wala hakucheka, na nikajikuta naumia kuliko nilivyotegemea. Niseme ukweli: nilipoolewa kwenye ile familia, huyu ndiye aliyenisogezea kiti. Mimi nakata, yeye anaunganisha. Kola akishaishika inalala yenyewe. Akiondoka, duka limekwisha, na mimi sijui nitacheka na nani.

Mchana nikamwona anafunga mkasi wake ndani ya kitambaa. Mkasi wa fundi haufungwi mchana.

"Unakwenda wapi na mkasi?"

"Nakupisha." Hakunitazama. "Mbadala umeshampata?"

"Mbadala wa nini?"

"Wangu!" Akatoa simu, akanisomea ujumbe wangu mwenyewe, sauti ikimtetemeka. "Kutwa kuzunguka tu! Jana nimezunguka mpaka ndala imekatika, nikitafuta zipu zako! Kaka yangu anasema nitolewe. Na mama, mama aliyenizaa, anasema alisema tangu mwanzo!"

Hapo ndipo nikaelewa. Kicheko kikanitoka, na kwa kuwa kicheko si dawa ya mtu anayelia, wifi akashika mlango atoke. Nikamrukia mkono, nikawa naonyesha ukutani huku maneno yamenikwama.

"Wifi! Wifi!"

"Nini tena?"

"Si wewe! Ile!"

Akatazama kisanduku, kijitaa chake kikimemeta. Akatazama simu. Akausoma ujumbe upya polepole, midomo ikitembea. Nikaona mabega yanaanza kumcheza.

"Ungeandika inazunguka," alisema. "Ukiweka i najua ni kisanduku, ukiweka a najua ni mimi. Herufi moja, wifi! Herufi moja imekushinda?"

"Nilikuwa na hasira."

"Lini huna?" Akajifuta macho kwa utepe wa kupimia. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na ningekuwa mimi kweli ndiye tabu, ungenitoa?"

"Ningekuambia usoni, tungegombana, na ungebaki hapo hapo ulipo."

Akaufungua mkasi. Akaigeuza cherehani, ikanitazama tena.

Jioni hiyo hiyo nilijitoa Mkondo bila kungoja wiki iishe, tukalipia Kapu. Wifi akachagua nyimbo na mimi nikachagua, tukazipakua, zikapiga kisanduku kikiwa kimezimwa. Kisha nikaandika kwenye kundi la familia, safari hii polepole, kila herufi mahali pake, wifi akichungulia begani:

"Tumechagua Kapu. Kapu haiihitaji wifi. Mimi namhitaji."

Mume wangu akajibu, "Sawa."

Mama mkwe akajibu, "Nilisema tangu mwanzo."