Shangazi Analala Gesti

Kila mara kaka yake alipokuwa na harusi Bagamoyo, Ruwaida alilazwa mkekani sebuleni, na usiku wenyewe uliishia kwenye kumenya vitunguu. Mara hii, Ijumaa asubuhi, aliposhuka basi la kutoka Tanga hakwenda kwa kaka. Alikwenda kutafuta gesti.

Ya kwanza ilitazama bahari, ila chini yake palikuwa na baa. Ya pili ilinuka unyevu. Ya tatu, nyuma ya soko, ilikuwa na shuka safi na chandarua kisicho na tundu. Akaichukua.

Haikufika alasiri, kaka yake Muataz, aliyekwisha kupashwa habari, akatokea mapokezi, amefura.

"Mwanamke wa nyumba yetu kulala gesti! Watu watasemaje?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Chukua mkoba twende. Wifi yako anakungoja, mchele haujachaguliwa."

"Mmeniletea kadi ya mwaliko. Mwalikwa huchagua mchele?"

"Wewe si mgeni, Ruwaida. Wewe ni shangazi wa bibi harusi!"

"Basi shangazi ataketi mbele na wakubwa wenzake. Nitakuja jioni, nimeoga na nimejifukiza udi."

Muataz akamgeukia mhudumu, akitaraji msaada. Mhudumu akajifanya anafuta meza.

Jioni Ruwaida aliketi safu ya mbele, gauni linameremeta. Pilau ilichelewa, tena ilikuja imeungua kidogo. Akaila yote. Wifi yake Thuraya akapita, jasho linamtiririka.

"Leo umetuweza, wifi."

"Bado," Ruwaida akamjibu. "Chumba nimekichukua mpaka Jumapili."