Chenso ya Baba Imegoma

Chenso, yaani msumeno wa injini, ikikataa kuwaka, ujue ni mafuta, cheche au hewa. Basi. Hakuna uchawi. Lakini wateja wangu, Mungu awabariki, wote hudhani dawa yake ni kuvuta kamba kwa hasira. Wanavuta mpaka kamba inakatika, ndipo wananiletea mashine huku wakiisema vibaya kama mkwe asiyepika. Miaka kumi na miwili natengeneza mashine ndogo ndogo na bado nawafokea. Wameniita Pilipili, nami sikatai.

Sasa fikiria aibu niliyoipata kwa chenso ya baba yangu mzazi.

Baba ni mkata miti. Ni yeye aliyenifundisha kufungua injini kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe. Miezi saba iliyopita alidondoka kutoka juu ya mti, bega la kulia likavunjika. Akafungwa plasta, akafunguliwa, akafanyishwa mazoezi, na mwisho daktari akamwambia, "Mzee, umepona, rudi kazini." Siku hiyo Baba alirudi nyumbani anapiga mluzi. Nyumba yake na Mama iko nyuma ya karakana yangu, tunatenganishwa na ukuta tu, kwa hiyo niliusikia.

Jumatatu iliyofuata akaitoa chenso stoo, akavuta. Kimya. Akavuta tena na tena. Nilipofika uani nilimkuta anautazama mkono wake, haitazami mashine.

"Mkono umekufa," akasema.

"Mkono gani? Petroli imekaa humu miezi saba, Baba! Imeshaoza!"

Nikamwaga ile petroli kuukuu, nikachanganya mpya na oili, nikasafisha kabureta, nikakausha plagi. Nikavuta mara tatu, ikanguruma. Nikaizima, nikamkabidhi, nikarudi kwa wateja wangu najisikia bingwa.

Jumanne asubuhi nikasikia ng'ambo ya ukuta: krrr, krrr, krrr. Mara kumi. Mara ishirini. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili nalikiri. Nilikuwa na mteja ananisumbua, damu imeshachemka, nikapaza sauti juu ya ukuta, "Baba, vuta vizuri! Hiyo ni nzima, mimi mwenyewe nimeiwasha jana!"

Zile krrr zikakoma.

Tangu hapo hakutaka niiguse. "Kwako inawaka, kwangu haiwaki," alisema. "Tatizo tumelijua." Jumatano nikamwona anashika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Alhamisi akafunga vifungo vya shati kwa mkono huohuo, polepole, na ulimi umetoka pembeni. Bega lilikuwa limepona, daktari kaapa, na bado mtu mzima alikuwa anauzika mkono wake hivihivi naona. Ijumaa akaniambia amemwita seremala, rafiki yake wa siku nyingi, aje Jumamosi kuichukua chenso moja kwa moja.

Roho iliniuma. Ile sauti yangu ya juu ya ukuta haikuniacha nile hata mchana. Alipolala kidogo baada ya chakula, nikaingia stoo, nikaichukua chenso, nikaipeleka karakana.

Nikafungua plagi. Imelowa chepechepe. Plagi ikilowa hivyo, injini imekunywa petroli bila kupata hewa. Nikafungua kifuniko cha juu, nikatoa chujio la hewa, na nyuma yake, kwenye mdomo wa kabureta, nikakuta kitambaa. Cha buluu, kimekunjwa mara nne, kimesokomezwa vizuri kabisa. Tena kingo zake zote zilikuwa zimepindwa kwa cherehani.

Katika nyumba ile anayeshona ni mmoja, na wiki hiyo alikuwa anashona sare za shule za buluu.

Nikaenda hadi chumba cha mbele. Mama alikuwa kwenye cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Nikaweka kitambaa mbele yake. Hakuruka wala hakujifanya hajui.

"Umeharibu chochote ulipokitoa?" akaniuliza.

"Mama! Mimi ndiye wa kuulizwa?"

"Nilikipinda kingo ili nyuzi zisiingie kwenye injini."

"Lo! Unaiziba mashine ya watu pumzi, halafu unaihurumia?"

"Sikutaka ife. Nilitaka isiwake tu." Akaacha kukanyaga cherehani. "Wewe uliambiwa kwa simu, mwanangu. Mimi nilikuwa chini ya ule mti, nimemshikia maji yake ya kunywa. Nilimsikia akigonga chini. Wacha aichukie hiyo mashine. Wacha aiuze."

"Haichukii mashine. Anasema mkono wake umekufa."

Mama akanitazama. "Amesema lini?"

"Tangu Jumatatu. Kwako anaficha. Hujaona anakunywa chai kwa kushoto?"

Alichukua kile kitambaa akakilaza mapajani, akawa anakinyoosha mikunjo. Nilikuwa nimekuja na maneno makali ya kutosha kugombana mpaka jioni, yote yakaniishia. Nikamwambia tu, "Kesho, kabla seremala hajaondoka, utamwambia Baba wewe mwenyewe. Ukishindwa nitasema mimi." Kisha nikaenda kukausha plagi na kuirudisha chenso stoo.

Jumamosi seremala akaja mapema, mtu wa watu, mcheshi, lakini siku hiyo hata yeye hakuwa na utani. Baba akatoka na chenso. Alikuwa ameifuta mpaka inang'aa.

"Chukua, ndugu yangu. Itunze. Mimi mkono huu hauna kazi tena."

Seremala akanyoosha mikono. Mimi nikafungua mdomo. Lakini mlango ukafunguka, Mama akatoka mbiombio hata viatu hajavaa.

"Usimpe!" akasema. "Mkono wako mzima. Ni mimi, baba watoto. Niliiziba mimi, Jumatatu usiku."

Akampa kitambaa. Baba akakigeuza huku na huku. Mimi namjua baba yangu, hasira zangu sikuziokota barabarani, nikajiandaa kwa radi.

"Wapi?" akauliza.

"Kwenye hewa. Nyuma ya kile kisponji."

"Ulifungua na bisibisi gani?"

"Ya cherehani."

Baba akakitazama tena kitambaa. "Umepinda na kingo," akasema. "Kwa hiyo mkono wangu…"

"Mzima. Nisamehe. Niliogopa utapanda tena."

Baba akaketi pale mlangoni, akalia. Alilia wazi, mkono wa kulia umefunika macho, na Mama akaketi kando yake akalia pia. Seremala alikazana kuukagua ukuta wangu kana kwamba ameitwa kuutengeneza. Mimi nawapenda wale wazee wawili, na asubuhi ile niliwapenda mpaka kifua kikauma.

"Haya," nikasema, maana mtu mmoja ilibidi awe na akili. "Baba, washa. Na safari hii sipigi kelele."

Akaiweka chini, akaikanyaga kwenye mshikio wa nyuma. Akavuta choki ya kuwashia injini baridi, akavuta kamba mara mbili, ikakohoa. Akarudisha choki, akavuta tena kwa mkono ule ule wa kulia. Ikawaka. Aliiacha ingurume kidogo huku anacheka na machozi hayajakauka, halafu akaizima na kumgeukia Mama.

"Sipandi tena. Nitakata ya chini tu, na magogo."

"Apa."

"Naapa, shahidi seremala."

"Na mimi narudi mikono mitupu?" seremala akauliza, na utani wake ukawa umerudi.

"Leta magogo yako, nitakukatia."

Jumatatu Baba akaenda kazini, na Mama akaenda naye, eti kumshikia maji. Walirudi saa kumi, Baba amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, na Mama sauti imemkauka kabisa. Nikamuuliza Baba kulikoni. Akasema kutwa nzima mkewe alikuwa anampigia kelele, "Shuka! Shuka!"

"Kwani ulipanda wapi?"

"Sikupanda popote," akasema. "Nilikuwa nimesimama chini. Kila aliponiambia nishuke, nilimjibu, 'Nimeshuka, mke wangu.'"