Tasbihi Moja Kabla ya Kuzima

Siwapendi watu wanaozima gari kama wanaozima kibatari. Mtu anatoka na gari la turbo Malindi mpaka hapa Mombasa, mguu umekanyaga moto njia nzima, na kabla matairi hayajasimama ashavuta ufunguo. Mwaka haujaisha anakuja kunililia moshi. Turbo ni feni ndogo, inazungushwa na moshi wa injini yenyewe ili isukume hewa ndani, na kinachoilinda ni oili inayopita katikati yake. Ukizima ghafla, oili inasimama mle ndani kwenye joto, inaungua, inakuwa masizi magumu, ukoko kama wa wali chini ya sufuria. Ukoko juu ya ukoko, mpaka njia ya oili inaziba. Hayo nayajua tangu Kismayu, na laiti nisingeyajua.

Gereji yetu kule ilikuwa karibu na bandari, na mwenyewe alikuwa ami yangu Husseini, ndugu wa baba, aliyenifundisha kazi. Saa hakuwa nayo. Akimkabidhi mtu gari la turbo humwambia: "Ukifika uendako, iache ingurume pole pole, vuta uradi tasbihi moja, ndipo uzime." Punje tisini na tisa, bila kukimbiza. Watu wakimtania kwamba gereji yake ni msikiti wenye grisi. Watanie wapendavyo, magari aliyoyashika yalidumu. Oili nayo aliibadilisha mapema, kabla haijawa nyeusi na nzito.

Vita vilipoingia mjini, mwaka wa tisini na moja, sisi Wabajuni hatukuwa na bunduki wala ukoo mkubwa wa kutusemea. Kila kundi lililoingia lilituona mali isiyo na mwenyewe. Wakachukua nyavu, wakachukua mashine za mashua, wakachukua mabati ya paa. Mimi kichwani nilikuwa na jambo moja tu: kumvusha mke wangu Barke na binti yetu Bushra wafike Kenya wakiwa hai. Bushra alikuwa na miaka sita, meno ya mbele yameng'oka, maneno hayamwishi kinywani. Kila siku nilitafuta chombo cha kutupeleka, na kila siku nikaambiwa kimejaa au kimeporwa.

Siku moja likaja gerejini kundi lenye pikapu ya dizeli, ya turbo, imefungwa bunduki kubwa nyuma. Dereva wao nilimjua. Abdirahim, mdogo wake Hodan, jirani yetu mlango kwa mlango. Kijana yule amekula kwetu tangu ana miaka saba, Barke akimpakulia kama mdogo wake wa tumbo moja. Walimwambia aendeshe gari au wampige risasi, akaendesha. Nilimwona nyuma ya usukani na roho yangu ikamkataa pale pale.

Ami Husseini akalitengeneza gari lao. Alipomaliza akamwambia mkubwa wao vile anavyomwambia kila mtu: lisizimwe mpaka uvute tasbihi moja. Yule mkubwa akacheka. Akasema huyu Mbajuni anataka kunifundisha ibada. Akaokota spana ya magurudumu, akaushika mkono wa kulia wa ami yangu, akauweka juu ya meza ya kazi, akaupiga. Mara tatu. Mzee hakulia, alikaa chini tu akautazama.

Hasira hasara, najua. Lakini we acha, hukuuona mkono ule. Nikasogea mbele nikasema kwa adabu zote: "Mkubwa, umsamehe, mzee amezeeka. Sisi watu wa bahari, mashua ikikaribia tukauona mchanga, twazima mashine, chombo kikafika chenyewe. Na gari ni hivyo hivyo. Ukisimama tu, zima, injini isiungue bure. Na oili msihangaike kuibadilisha. Oili ikiwa nyeusi ndiyo imekolea."

Yule mkubwa akafurahi. Akasema huyu ndiye fundi. Akamgeukia Abdirahim: "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema Abdirahim. Akanitazama, akanishukuru kwa kichwa.

Habari ya mashua ilikuwa kweli, ndivyo wavuvi wetu wanavyofanya. Ndiyo maana uongo wangu ulikaa vizuri. Nilihesabu kwamba ndani ya miezi michache njia ya oili itaziba, turbo itakatika, na siku hiyo bunduki yao itabaki barabarani bila miguu. Nilifurahi, sikufichi. Nilikwenda kulala nimefurahi.

Taabu ni kwamba Abdirahim alikuwa mwanafunzi mwema. Kila alipopata nafasi alipita gerejini asubuhi kuniuliza. Mwalimu, akiniita, chujio la hewa nalipanguza hivi? Mwalimu, vipi maji? Nikimjibu kwa mkato. Mwezi wa tatu tangu siku ile akaja na wasiwasi, akasema akiwasha gari linatoa moshi wa samawati kidogo, na mbele linapiga mluzi. Nikajua oili imeanza kupita mahali isipopaswa. Kazi ya asubuhi moja ilikuwa: kufungua lile bomba la chuma linaloleta oili, kulikwangua masizi, kumwaga oili ile chafu, kutia mpya. Nikamwambia ni kawaida ya magari haya, endelea vivyo hivyo.

Ami Husseini alikuwa amekaa pembeni, mkono umefungwa kitambaa. Abdirahim alipoondoka akaniambia: "Famau, mwambie kweli kijana huyu. Huyu ni mchu wetu."

"Mtu wetu hapandi gari lao," nikamjibu.

"Injini haiulizi nani atapanda."

Nikamwambia yeye ndiye wa mwisho kuwatetea, kwa mkono ule. Nilimjibu ami yangu vibaya namna ile, mtu aliyenilea.

Mkono wenyewe haukupona. Uliunga vibaya, ukaanza kutoa usaha, na hospitali haikuwa na mtu. Kisiwani Koyama kulikuwa na jamaa anayejua kuunga mifupa, na mashua moja ilikuwa inavuka yenye nafasi ya watu wawili tu. Nikamwambia Barke siku tatu tu, nampeleka mzee narudi. Bushra aliniagiza nimletee kombe za pwani. Siku ya pili tukiwa Koyama tukasikia mizinga upande wa Kismayu, mfululizo, na moshi ukaonekana. Nikawabembeleza manahodha wote, hakuna aliyekubali kurudi kule. Siku ya nne watu wenye bunduki wakaja kisiwani kwenyewe, tukasukumwa kwenye mashua kama mizigo, tukaenda kutokea Kiunga, na kutoka Kiunga tukaletwa kambini hapa Mombasa. Nilikaa nikiuliza kila aliyeshuka: mmemwona Barke, mmemwona mtoto.

Barke alifika baada ya wiki saba, na lori la wakimbizi waliotoka mpakani Liboi. Alishuka peke yake. Nikatazama nyuma yake, nikasubiri mtoto ashushwe. Lori likafungwa mlango.

Alinieleza akiwa amekaa chini, sauti kavu. Mji ulipopinduka, wale wenye bunduki walitawanyika, na Abdirahim akatoroka na pikapu. Badala ya kujiokoa peke yake alikuja mlangoni kwetu. Akasema nyumba iliyonilisha siiachi. Akampakia dada yake Hodan, akampakia Barke na Bushra, akashika njia ya Afmadow kwenda mpakani. Bushra alikaa mbele, akiimba. Walipopita Afmadow gari likaanza kutoa moshi mzito, kisha likapiga kelele, injini ikaenda mbio yenyewe. Abdirahim akavuta ufunguo, haikuzima. Turbo ilikuwa imekatika, injini inainywa oili yake yenyewe. Ikanguruma mpaka ikajivunja, ikanyamaza.

Wakatembea. Dumu la maji lilikuwa moja, na wengine waliokuwa njiani waliwanyang'anya. Abdirahim alimbeba Bushra mgongoni siku nzima ya kwanza na nusu ya pili. Mtoto alifia mgongoni kwake, adhuhuri, naye hakujua mpaka Barke alipomgusa mguu. Wakamzika kando ya njia, wao watatu, kwa mikono.

Tulisoma hitima kambini. Watu walikuja, wa kwetu na wengineo, wakakaa mikekani. Siku hiyo hiyo Abdirahim akaingia, ametoka Liboi kunitafuta, amekonda hata nikamjua kwa sauti. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele yangu, akanishika miguu.

"Mwalimu," akasema, "Wallahi nilifuata kila ulilonifundisha. Sikuiacha ingurume hata dakika moja. Oili sikuigusa. Sijui nilikosea wapi. Damu ya mtoto iko shingoni kwangu, nisamehe."

Ami Husseini alikuwa mbele yangu, amekaa na mkono wake mbaya mapajani, ananitazama. Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua ili niseme. Barke akanigusa bega, akaniambia kwa upole: "Mwambie si kosa lake, Famau. Amembeba mpaka mwisho."

"Nimekusamehe," nikasema.

Watu wakaitikia mashaallah. Mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba moyo kama huu ni wachache waliojaaliwa. Ami Husseini akainuka akatoka nje, na toka siku ile mpaka alipozikwa hakula tena sahani moja na mimi.

Barke alifariki mwaka juzi, hajui. Abdirahim yuko Ulaya, ana mke na watoto, na binti yake wa kwanza amempa jina la Bushra. Kila Idi hunipigia simu. Hunisalimu, hunipa mtoto nimsikie, kisha sauti yake hubadilika, akaniomba radhi upya. Nami kila Idi humwambia nimeshakusamehe.