Taji Lilikuwa kwa Nani

"Mama Nieves, wewe umenijua tangu nina meno ya utotoni. Niambie usoni: mimi ni mwongo?"

Melchora Tutillo aliniuliza hivyo Alhamisi moja ya Septemba, amesimama mlangoni pangu na kofia mkononi, naye si mtu wa kuvua kofia nje ya kanisa. Nilikuwa nakaanga shayiri. Nilitoa chungu motoni kwanza, maana shayiri ikishaungua haina toba, kisha nikamwambia, "Kaa."

"Sikai. Nijibu."

"Wewe si mwongo. Lakini na Domitila si mwongo."

"Basi aliyesema uongo ni nani? Ng'ombe?"



Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Siku kumi nyuma, Melchora na jirani yake Domitila Andrango walipanda mlimani alfajiri kukata nyasi za kuezekea. Domitila ni komadre wake. Ndiye aliyemshika mtoto wa Melchora siku ya ubatizo. Walipofika kwenye ukingo tunaouita Mgongo wa Punda, jua lilichomoza nyuma yao, kando ya theluji ya mlima Cayambe, na bonde lililokuwa mbele yao lilikuwa limejaa ukungu mpaka juu. Juu ya ule ukungu vilisimama vivuli viwili, virefu kama minara, na kimoja kilikuwa kimevikwa taji la mviringo kichwani, lenye rangi zote za upinde wa mvua. Wale wanawake wakaziba midomo kwa shali zao, wakaganda kimya mpaka ukungu ulipopanda na kufuta kila kitu.

Kwetu upinde wa mvua hausemeshwi. Huunyooshei kidole, kidole kitaoza. Huuonyeshi meno, maana huingia kwa mdomo ukamharibu mtu ndani. Wageni husikia haya wakacheka. Mimi sicheki. Marehemu mume wangu, Rosendo, alinawa uso kwenye chemchemi upinde ukiwa umeinamia palepale, tena anaimba. Alianza kuvimba miguu, akavimba mpaka kope, na kabla ya Pasaka tukamzika. Daktari wa mjini alisema ni figo. Namheshimu daktari, lakini yeye hakuwepo pale chemchemi.

Kwa hiyo wale wawili hawakuulizana kitu kule juu, na njiani pia hawakusema, kila mmoja amebeba mzigo wake wa nyasi na furaha yake kifuani. Walipofika bombani, mbele ya watu waliokuwa wanateka maji, Melchora akatua mzigo.

"Mama Maria amenivika taji leo," alisema. "Komadre ni shahidi wangu."

Domitila naye akatua wake. "Shahidi wa nini? Taji lilikuwa kwangu! Kivuli chako wewe kilikuwa kitupu kama chungu cha Ijumaa Kuu."

Watu walicheka siku ile. Jumapili hakuna aliyecheka. Melchora ndiye anayeivisha sanamu ya Mama Maria wa kanisa letu, na ameivisha miaka kumi na tisa. Mkono mwingine haugusi nguo ile. Wengine walisema kiburi kimempanda, sasa anajitafutia utakatifu. Wengine walisema Domitila ana wivu. Baada ya sala wote wawili wakaenda mbele yetu, wakanyoosha mkono mbele ya sanamu ya Mama Maria, wakaapa. Mmoja akaapa kwamba taji lilikuwa kwake na mwenzake hakuwa nalo. Wa pili akaapa vivyo hivyo.

Viapo viwili vinavyopingana, kimoja lazima ni cha uongo. Mwenyekiti wa baraza, Virgilio Imbaquingo, tunayemwita taita, yaani baba, akatangaza kwamba Jumapili ifuatayo baraza litaamua. Anayeapa uongo kwetu humwagiwa maji ya barafu na kuchapwa majani ya kuwasha mbele ya kijiji kizima, na hatagusa tena kitu cha kanisa. Tulijua wote itamwangukia nani. Domitila ana kaka watano, na wawili wao wamo barazani. Melchora ana mtoto mmoja tu, naye yuko Quito anauza viatu.

Ndiyo maana alisimama mlangoni pangu na kofia mkononi.

"Kesho alfajiri tunapanda," nilimwambia. "Wewe, mimi na Domitila."

"Na yule? Afadhali nipande na mbwa mwenye upele."

"Mbwa hakula kiapo. Lete shali nzito."

Domitila hakukataa nilipomfuata. Alisema tu, "Nitakuja, ili aaibike mara mbili." Ijumaa tulipanda, tukaona upepo na sungura mmoja. Jumamosi tukapanda tena. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya baraza. Nilitembea katikati, Melchora mbele, Domitila nyuma, na mwendo wote walizungumza kupitia kwangu.

"Mama Nieves, mwambie huyo wa mbele apunguze mwendo. Hapai mbinguni bado."

"Mama Nieves, mwambie huyo wa nyuma kwamba mwenye taji hachoki."

"Mnanituma kama barua," nikasema, "na stempu hamjanibandika. Nyamazeni, tusali."

Tukasali rozari mpaka pumzi zikatuishia. Ukingoni kulikuwa na baridi ya kukata masikio. "Achachay!" alipiga kelele Domitila, akajikunyata ndani ya shali. Tukasimama watatu bega kwa bega, mimi katikati. Chini yetu bonde halikuonekana. Ukungu ulikuwa umelala humo, mweupe na mzito kama maziwa yanayokaribia kuchemka, unapanda kidogo, unatulia, unapanda tena.

Kisha nikahisi joto mgongoni. Jua lilikuwa limetoka.

Nimeishi miaka hamsini na minane. Nimezaa, nimezika, nimeuona mlima wa jirani ukitema majivu mchana mpaka kuku wakarudi kulala. Sijaona kitu kama kile. Vivuli vyetu viliruka kutoka miguuni mwetu vikaenda kusimama juu ya ukungu, vikubwa hivi kwamba kofia peke yake ingefunika kanisa. Nilikijua changu kwa bega la kushoto, lile lililoinama. Na kukizunguka kichwa chake kulikuwa na taji. Ndani lilikuwa jeupe kama hostia, halafu rangi zikafuatana, buluu, kijani, manjano, na pembeni kabisa nyekundu kama kaa la moto. Halikutikisika. Ukungu ulipita ndani yake kama watu wanavyopita sokoni, nalo likabaki palepale, kimya, safi.

Nikaziba mdomo kwa shali. Machozi yalitoka yenyewe.

Nikatazama kivuli cha Melchora kulia: kitupu. Cha Domitila kushoto: kitupu. Nasema kweli mbele ya Mungu, kwa muda wa Salamu Maria moja nilifurahi kwamba wale wawili hawakuwa nalo. Niliwaza: ndivyo ilivyo basi, wao walikuwa wakigombania kitu changu. Mjane wa darasa la nne, Mungu amemtafuta hata huku.

Kisha nikageuza shingo nikawatazama wenyewe, si vivuli. Melchora analia kwa furaha juu ya shali. Domitila naye analia, macho yanang'aa kama ya mtoto aliyepewa sukari. Hapo nikashtuka. Mtu aliyenyimwa hafurahi namna ile.

Nikajua kitu cha kufanya. Ilibidi mtu aulize sasa hivi, taji likiwa lingali pale. Nilimkumbuka Rosendo na kope zake. Nikasema moyoni, Bwana, mdomo huu umekusifu miaka yote, ulinde. Nikashusha shali. Baridi ikaingia mpaka kwenye mizizi ya meno.

"Melchora! Taji liko kwa nani?"

Aliruka kama nimemchoma. Akatikisa kichwa kwa nguvu, akanifanyia ishara nizibe mdomo.

"Nimeshafungua. Kama ni kuingia, limeshaingia. Sema!"

"Kwangu," akasema ndani ya shali.

"Mwongo wewe, liko kwa..." Domitila akasita. Akanitazama. "Mama Nieves, si unaliona? Liko kwangu."

"Mimi naliona kwangu," nikasema.



"Haiwezekani," alisema Melchora.

"Inua mkono wako wa kulia." Akainua, na kivuli kitupu kilichokuwa kulia kikainua mkono. "Huyo ndiye wewe. Kwangu mimi huna kitu kichwani."

"Lakini naliona! Limenizunguka! Wewe ndiye huna kitu!"

"Labda ni kofia," Domitila akasema, sasa ameshasahau shali kabisa. "Ya Melchora ina unyoya."

Tukabadilishana kofia, wanawake watatu wazima ukingoni mwa bonde. Ile ya Domitila ilinizama mpaka kwenye nyusi. Taji halikuhama. Tukabadilishana nafasi, taji likanifuata kama mbwa anavyomfuata bwana wake. Mwisho nikambana Melchora shavu kwa shavu, mpaka vivuli vya vichwa vyetu vikawa karibu kimoja. Taji lilituzunguka wote wawili, lakini katikati yake nilikuwa mimi.

"Katikati ni nani?" nikamuuliza, shavu lake baridi likiwa juu ya langu.

"Ni mimi," akanong'ona. "Ee Mama Maria. Ni mimi."

Hapo nikapiga magoti kwenye majani yenye umande. Nilielewa, nikaogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa hata siku ya kifo cha Rosendo. Mungu alikuwa amemvika kila mmoja wetu, na alikuwa ameficha taji la kila mmoja kwa mwenzake. Huwezi kuonyeshwa la jirani yako. Unaweza tu kumwamini anaposema analiona. Wao walipiga magoti pia, huyu kulia na huyu kushoto, midomo wazi, meno nje, na hatukusali kwa maneno. Nje ya taji la kwanza likatokea la pili, hafifu, pana kama anga. Tukalitazama mpaka ukungu ulipotupanda miguuni, viunoni, ukatufunika, na dunia ikawa nyeupe.

Tulishuka. Hakuna aliyenituma barua.

Jumapili nyumba ya jumuiya ilijaa. Majani ya kuwasha yalikuwa mezani, yamefungwa mafungu mawili, na ndoo ya maji imewekwa nje. Taita Virgilio akasimama.

"Mama Nieves, wewe huna upande, na hujawahi kutudanganya. Umepanda nao, umeona. Taji lilikuwa kwa nani?"

"Kwangu, taita."

Watu walilipuka. Kaka mmoja wa Domitila akapiga benchi kwa kiganja. "Sasa wamekuwa watatu! Kufika Krismasi tutakuwa na kijiji kizima cha watakatifu, nani atalima viazi?"

Nikaeleza yote, kofia na mashavu. Wengine walicheka, wengine walijifanyia ishara ya msalaba. Taita Virgilio hakufanya kimoja wala kingine.

"Ulisema mdomo wazi? Mbele ya upinde?"

"Nilisema."

"Na hujaumwa?"

"Bado, taita. Mnisubiri."

Akakuna kidevu. "Sitamchapa mtu kwa jambo nisiloliona," akasema. "Wala sitamwachilia mtu kwa jambo nisiloliona. Mimi na katibu tutapanda. Tutakutana tena tukishuka."

Jumatatu hawakuona kitu. Jumanne adhuhuri kengele ikagongwa, tukakimbilia nyumba ya jumuiya tena. Melchora alikaa benchi la mbele peke yake, mikono mapajani. Domitila alikaa mlangoni. Taita Virgilio aliingia suruali imelowa mpaka magotini, na katibu nyuma yake, kijana mnene, bado anahema.

"Sema wewe kwanza," alimwambia katibu. "Uliliona kwa nani?"

"Kwangu, taita."

"Njia nzima ananiambia hivyo! Nikamwambia wewe una wazimu, liko kwangu, mtoto mdogo angeliona. Tumeshindana mpaka nikampokonya kofia." Watu wakacheka, na Taita Virgilio akacheka kidogo, kisha uso ukabadilika. Akavua kofia yake. "Miaka sitini na miwili nimeishi chini ya ukingo ule. Nimepanda mara ngapi na watu, nikaona kivuli, nikaziba mdomo, nikashuka na siri yangu nikidhani nimependelewa mimi peke yangu." Akamgeukia kijana. "Katibu, andika. Viapo vyote viwili ni vya kweli, kila mmoja aliapia alichokiona. Kazi ya Melchora Tutillo ni yake, kama ilivyokuwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa kama kanisani baada ya komunyo.

Melchora akasimama. Hakumshukuru mwenyekiti, wala hakunitazama mimi. Aligeuka akatazama mlangoni.

"Sikukuu ya Mama Maria ni keshokutwa," alisema, sauti yake imekauka. "Nguo yake ina pini kumi na saba, na vidole vyangu vimekufa ganzi. Nani atanishikia pini?"

Kaka zake Domitila walitazamana. Mikono ya watu wengine haijawahi kugusa nguo ile kwa miaka kumi na tisa.

Domitila akaokota shali yake kwenye benchi, akajifunga, akatoka kuelekea kanisani.