Fungu la Telesia

Wifi yangu Telesia hakula kitu chenye mama. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na watu wa kijiji chetu cha Ramadhani walicheka mpaka wakachoka. Alianza baada ya kumzika mtoto wake wa kwanza. Maziwa yaliendelea kumtoka, yakamlowesha nguo mchana kutwa, na hakukuwa na wa kuyanyonya. Tangu hapo akiona ng'ombe anakamuliwa aligeuza uso. Aliacha maziwa, akaacha nyama, mwisho akaacha hata mayai. Mchungaji alimwambia kwamba Mungu hajamkataza vitu hivyo. Akajibu kwa adabu kwamba hata yeye hajasema Mungu amemkataza.

Mama yangu naye alikuwa na sheria yake: chakula hakitupwi. Alikuwa msichana mdogo Wajerumani walipochoma maghala ya Ubena wakati wa vita vya Maji Maji, na alikula ngozi ya kulalia iliyochemshwa siku nzima. Mdogo wake alikufa kabla hata ya hiyo ngozi kuiva. Kwa hiyo nyumbani kwetu ukoko wa ugali uliloweshwa ukaliwa asubuhi, maganda ya viazi yalikwenda kwa nguruwe, na aliyemwaga mchuzi alikuwa kama amemtukana mzazi.

Mtu angedhani wanawake hao wawili wangetoana macho. Hawakutoana. Kwetu nyama aliigawa mama, kila mtu fungu lake mkononi, na fungu likishakufikia halirudi chunguni: ulile, au umpe mtu kwa mkono wako mwenyewe. Telesia alilipokea lake kwa mikono miwili, akapiga goti, akamgeukia mama.

"Nisaidie, mama."

Mama alilila. Hakuna kilichotupwa, hakuna aliyelazimishwa. Waliishi hivyo miaka mingi, na mimi mwenye mdomo mrefu nilikuwa nikimtania mama kwamba amejipatia mkwe wa kumnenepesha.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Huku Njombe baridi iliunguza viazi shambani, na Makambako mvua ilikatika mahindi yakiwa yamefika magotini. Kaka yangu mkubwa Anania, mume wa Telesia, alikuwa amekwenda mkongeni Tanga na habari zake hazikuja. Nyumbani tulibaki mimi, mama, Telesia na mwanawe Ema, mtoto ambaye shingo yake ilianza kuonekana ndefu. Tulikula leo mboga za maboga, kesho mboga za maboga.

Ndipo mdogo wangu Sila, aliyefuga ng'ombe Makambako, aliposhuka kwenye lori na kapu la nyama iliyokaushwa kwa moshi.

"Kamwene," alitusalimu mlangoni, akicheka kwa meno yote. Mama alilishika kapu akalia. Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akililia kapu. Mimi niliangalia pembeni.

Sila alisema dume lake lilikufa ghafla: lililala jioni likiwa zima, na asubuhi likakutwa limekufa. Bwana mifugo alikuwa ameamuru kwamba mnyama anayekufa namna hiyo achomwe moto, achimbiwe, asiguswe. Sila aliisimulia amri hiyo kama kichekesho. Nani achome ng'ombe mzima mwaka wa njaa? Walimchuna kimyakimya nyuma ya nyumba, wakagawana na majirani. Damu, alisema, ilikuwa nyeusi na haikuganda.

Telesia alikuwa akimtazama mkono. Kwenye kigasha palikuwa na kidonda, katikati cheusi kabisa, na nyama ya kandokando imevimba. Alimuuliza kinamuuma namna gani. Sila akakibonyeza kwa kidole ili kutuonyesha.

"Hakiumi hata kidogo," alisema.

Jibu hilo lilimtisha Telesia kuliko kidonda chenyewe. Lori lilipoondoka na Sila, alisimama mbele ya mama, mikono imeshikana.

"Mama, nyama hii isiliwe."

"Kwako wewe, mwanangu, ipi iliyowahi kuliwa?"

Mama aliuliza kwa upole tu, na mimi nilishindwa kujizuia kucheka. Hata majirani waliovutwa na harufu ya nyama walicheka. Hapo ndipo ilipokuwa shida ya wifi yangu. Mtu ambaye kila siku anasema nyama hapana, siku moja akisema nyama hii hapana, nani atasikia tofauti? Alieleza habari ya damu, alieleza habari ya kidonda, akataja amri ya bwana mifugo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutundika vipande juu ya moto. Alisema kesho atapika, Ema apate nguvu.

Asubuhi mama alikwenda kisimani. Aliporudi, juu ya moto hapakuwa na kitu. Telesia alikuwa ameketi uani, kucha zimejaa udongo, amembana Ema magotini utadhani kuna mtu anakuja kumchukua. Hakukana. Alisema ameifukia yote, na kwamba mama ampige akitaka.

Mama hakumpiga. Angempiga, ningepumua. Aliketi juu ya kinu kilicholazwa. Kisha alisema kwamba katika nyumba hii chakula hakijatupwa tangu ijengwe. Kama Telesia hataonyesha alipofukia, basi Jumapili baada ya ibada afunge mzigo wake arudi kwao Ipelele. Ema angebaki, kwa sababu Ema ni mtoto wa Anania.

Nilimwendea Telesia kumsihi. Atoe nyama, yeye asile, mambo yaishe. Aliniambia anaogopa kupoteza mtoto kwa kufukuzwa, lakini anaogopa zaidi kumpoteza kama alivyompoteza yule wa kwanza. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia yeye, nikaikasirikia hata mvua.

Siku zilizofuata mama alikuwa mpole kupita kiasi. Alimsalimia Telesia, akampa kiti, akamsuka Ema nywele. Sikuupenda upole ule hata chembe. Ijumaa, tukiwa shambani kuokoteza viazi vilivyosalia, niliona moshi mzito ukitoka nyumbani. Nilimwambia Telesia. Alitupa jembe.

Hakwenda nyumbani kwanza. Alikimbilia kwenye mianzi tunayogema pombe ya ulanzi, nyuma ya zizi, nami nyuma yake. Shimo alimofukia nyama lilikuwa wazi. Jembe la mama lilikuwa limesimamishwa kando, limefutwa udongo vizuri.

Tukiwa bado pale tulisikia lori barabarani, kisha dereva akiita mwenye nyumba. Alikuwa mtu wa Makambako. Hakutaka kuingia uani. Alisema Sila amelazwa, mkono umevimba hadi shingoni, na tangu jana hatambui mtu. Waliokula ile nyama wanatapika damu, na nyumba mbili za jirani zimekwisha kuzika. Alisema kama kuna iliyoletwa huku, ichomwe.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno. Alirudi ndani bila kuuliza kitu. Tulimkuta ameketi karibu na moto, chungu kati ya miguu yake. Mapande mengine yote alikuwa ameyaosha kwa majivu, akayarundika kwenye ungo.

Telesia alipiga magoti. Hakuweza kusema jina la mtoto. Alionyesha tu kwa mkono kimo chake.

"Ema nimempeleka kwa jirani Getruda tangu asubuhi," mama alisema. "Hajaonja. Nilikusikia, mwanangu. Nilikusikia siku ile ile."

"Basi kwa nini, mama?"

Mama aliutazama ungo wa nyama.

"Sikuweza kuiacha ardhini," alisema. "Nikasema nitapika kidogo, niijaribu mimi. Nikapima fungu lako tu. Nimekusaidia, kama siku zote."

Telesia aliweka kichwa kwenye mapaja yake akalia kwa sauti, na mama akawa anampapasa mgongo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika tumbo lake.

Nje dereva aliwasha lori akaondoka. Mama aliniita kwa jina, akanisogezea chungu kwa mguu. Chini kulikuwa kumebaki mchuzi, haufiki hata kikombe.

"Idda, kaumwage," alisema. "Mbali. Kuku wasifike."